Ellyse Perry na hesabu ya olraunda: alivyoachwa nje ya T20 na alivyorudi

Adelaide Oval, 20 Januari 2022. Australia na Uingereza wanafungua Ashes ya wanawake, mfululizo wa mechi za kriketi kati yao, kwa mechi ya T20 (ova 20 kwa kila upande, ova moja ikiwa mipira sita), orodha ya kumi na mmoja inasomwa, na jina la Ellyse Perry halimo. Hakuumia, wala hakupumzishwa. Ameachwa. Ana miaka 31, na ni yuleyule ambaye mwishoni mwa 2020 Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, lilimtangaza mchezaji bora wa muongo kwa wanawake, likampa na tuzo ya muongo ya mechi za ova 50 na ile ya T20. Tatu kwa mpigo.

Jioni hiyo Tahlia McGrath alichukua wiketi 3, yaani aliwatoa wapigaji watatu, kisha akapiga mikimbio 91 kwa mipira 49 bila kutolewa. Australia ikashinda kwa wiketi 9. Wateuzi hawakuulizwa swali tena.

Wengi walilisoma tukio lile kama hadithi ya umri: amezeeka, vijana wamefika. Usomaji huo unapwaya, kwa sababu siku chache baadaye Perry huyohuyo alicheza mechi ya Testi, ile ya siku kadhaa, kule Canberra, na mwezi uliofuata akaibuka mchezaji bora wa mechi ya ova 50. Mchezaji aliyekwisha haitwi kwenye miundo miwili kati ya mitatu. Kilichotokea ni kwamba moja ya kazi zake mbili, kurusha mpira, ilipungua, na ile ya pili, kupiga, ikabaki peke yake kwenye mizani ya T20, ambako kwa miaka mingi haikuwahi kupimwa ikiwa peke yake. Kisa cha Perry kinafaa kuchambuliwa kwa sababu kinaonyesha jinsi nafasi ya olraunda, mchezaji anayepiga na kurusha pia, inavyojengwa, inavyobomoka, na nini hasa hutakiwa ili isimame tena.

Nafasi moja, kazi mbili

Timu ya kriketi ina watu 11. Katika T20 kila upande hurusha ova 20, na mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi ova 4. Kwa hiyo unahitaji warushaji watano, hakuna njia ya mkato. Ukiweka warushaji watano watupu, mlinda wiketi mmoja na wapigaji watano, unapata timu yenye mapengo mawili. Kwanza, wiketi ya tano au ya sita ikianguka wanaobaki ni watu wasiojua kupiga. Pili, mrushaji mmoja akipigwa vibaya siku hiyo, nahodha hana wa sita wa kumkimbilia. Anayefuatilia mashindano ya wanawake ya Kwibuka, yanayofanyika Kigali tangu 2014, ameiona hesabu hii mara nyingi: ova ya 15, mrushaji wa tatu amekwisha kuvunjwa, nahodha anageuka kulia na kushoto.

Olraunda ndiye anayeziba mapengo yote mawili kwa kiti kimoja. Lakini wako wa aina mbili, na watu huwachanganya. Yupo ambaye kupiga kwake peke yake kusingemwingiza kikosini, na kurusha kwake peke yake vilevile, ila nusu na nusu zikijumlishwa zinapata kiti. Na yupo ambaye ukimwondolea mpira anabaki kikosini kama mpigaji, na ukimwondolea gongo anabaki kama mrushaji. Huyu wa pili ni adimu sana duniani, kwa wanaume na kwa wanawake.

Katika mechi za ova 50 na za Testi, Perry wa 2014 hadi 2019 alikuwa huyo wa pili bila ubishi. Katika T20 hakuwa, ingawa majina ya tuzo yalificha jambo hilo. Huko alikuwa mrushaji kamili na mpigaji wa nusu. Mrushaji akiwa mzima, tofauti hiyo haionekani popote.

Alianza na mpira mkononi

Perry alizaliwa Wahroonga, Sydney, tarehe 3 Novemba 1990. Aliichezea Australia mara ya kwanza mjini Darwin, 22 Julai 2007, dhidi ya New Zealand, akiwa na miaka 16 na miezi minane, na kabla hajaichezea hata timu ya wakubwa ya jimbo lake. Aliitwa kwa sababu ya kasi. Msichana mwenye mbio ndefu, mkono wa juu uliosimama wima na mpira unaogeukia nje hewani humpati kila mwaka.

Mechi yake ya kwanza ya T20, 1 Februari 2008 katika uwanja wa MCG dhidi ya Uingereza, alipiga 29 kwa mipira 25 bila kutolewa, akachukua wiketi 4 kwa mikimbio 20 aliyoruhusu. Lakini miaka hiyo ya mwanzo alipangwa chini kwenye orodha ya wapigaji, saba na kushuka, mahali pa kuokota mikimbio michache ya mwisho. Fainali ya Kombe la Dunia la T20 ya 2010 kule Barbados inamweleza Perry wa kwanza vizuri. Australia walikuwa na 106 tu. New Zealand walihitaji mikimbio 5 kwenye mpira wa mwisho, Perry akirusha, Sophie Devine akipiga. Devine aliupiga moja kwa moja, mpira wa aina inayokwenda mpakani bila mjadala. Perry, akiwa bado anamalizia mwendo wake, alichomoa mguu, mpira ukagonga kiatu ukamwendea Lisa Sthalekar. Australia wakashinda kwa mikimbio mitatu, Perry akawa mchezaji bora wa mechi kwa wiketi 3 kwa 18. Mguu ule haukuwa bahati tupu. Alikuwa pia mchezaji wa taifa wa mpira wa miguu.

Hapo methali ya mshika mbili inaingia yenyewe. Aliichezea timu ya soka ya Australia mara ya kwanza Agosti 2007, wiki mbili tu baada ya Darwin, na katika Kombe la Dunia la soka la 2011 nchini Ujerumani aliifunga Sweden bao la shuti la mbali kwenye robo fainali waliyopoteza 3-1. Ni Mwaustralia wa kwanza kucheza Kombe la Dunia la michezo yote miwili. Kadiri ligi zote mbili zilivyozidi kuwa za kulipwa, kalenda ziligongana, na soka ndilo lililoponyoka. Kwa uchambuzi wetu linalobaki muhimu ni moja: tangu utotoni mwili wake ulibeba mizigo ya michezo miwili yenye kukimbia na kusimama ghafla, na deni la namna hiyo mwili hulidai taratibu.

Dai la kwanza lilionekana mapema. Fainali ya Kombe la Dunia la 2013, uwanja wa Brabourne, Mumbai, aliicheza kifundo cha mguu kikiwa kibovu. Mara mbili alianza kukimbia kurusha mpira wake wa kwanza, mara mbili akasimama. Mara ya tatu akaurusha, na katika ova zake za mwanzo akawang'oa West Indies watatu. Alimaliza na 3 kwa 19, Australia wakatwaa kombe kwa tofauti ya mikimbio 114. Kisha akaenda kufanyiwa upasuaji.

Mpigaji anaota ndani ya mrushaji

Kuanzia mwaka 2014 hivi mambo yalipinduka. Januari mwaka huo, katika Testi ya WACA mjini Perth, alichukua wiketi 8 na kupiga 71 na 31, na bado Australia walifungwa kwa mikimbio 61. Alipandishwa hadi namba nne katika ova 50, na ikaonekana kwamba yule mrushaji ana jambo ambalo wapigaji wengi hawana: subira. Kichwa hakitikisiki, gongo linashuka wima, mipira ya nje anaiacha ipite. Katika Kombe la Dunia la 2017 alikusanya mikimbio 404 na wiketi 9. Novemba mwaka huohuo, North Sydney Oval, Testi ya mchana na usiku, akapiga 213 kwa mipira 374 bila kutolewa. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka 100 katika mechi yoyote ya kimataifa, na akapitiliza hadi 200. Akiwa na 194 aliupiga mpira ukaonekana umepita mpaka hewani, yaani mikimbio sita, akashangilia mia mbili. Picha zikaonyesha umedunda ndani ya kamba, kwa hiyo ni minne. Akarudi kwenye mstari, akapiga minne mingine, akashangilia upya.

Mwaka 2019 ndio kilele. Canterbury, 7 Julai, wiketi 7 kwa mikimbio 22, Uingereza wote nje kwa 75. Taunton, Testi, 116 na 76 bila kutolewa. Hove, 28 Julai, 47 bila kutolewa, na kwa mikimbio hiyo akawa mtu wa kwanza, mwanamume au mwanamke, kufikisha mikimbio 1,000 na wiketi 100 katika T20 za kimataifa.

Tuliangalie hilo la Hove kwa jicho kali, maana jibu la Adelaide limejificha humo. Wiketi yake ya 100 ilipatikana Novemba 2018, katika fainali ya Kombe la Dunia la T20 kule Antigua. Mikimbio ya 1,000 ikaja miezi minane baadaye, baada ya zaidi ya miaka 11 ya kucheza. Kwa mpigaji wa daraja lake ni polepole mno. Na wakati huohuo katika ligi ya nyumbani ya T20, msimu wa 2018–19, alipiga mikimbio 777 akiwa na Sydney Sixers. Inakuwaje mtu mmoja apate 777 kwa msimu mmoja klabuni, na 1,000 kwa miaka 11 katika timu ya taifa?

Ni namba anayopigia. Sixers alifungua. Mpigaji wa ufunguzi anaweza kukabili mipira 50 na zaidi, na ova sita za kwanza sheria inaruhusu walinzi wawili tu nje ya duara, kwa hiyo hata mpira uliopigwa chini unafika mpakani. Timu ya taifa ilikuwa na Alyssa Healy na Beth Mooney mbele, Meg Lanning na Ashleigh Gardner nyuma yao. Perry aliingia wa tano au wa sita, ova zikiwa zimebaki nne au tano, walinzi wametawanyika mpakani. Hapo mtu anapata mipira 10 au 15 tu. Mfumo wa Perry ulihitaji mipira kama hiyo kwa kujipanga, ndipo aanze kupiga. Innings, yaani zamu ya timu kupiga, ilikuwa inakwisha kabla hajaanza. Kasi yake katika T20 za kimataifa ilizunguka mikimbio 105 kwa mipira 100, nayo kwa mtu wa namba sita ni ndogo. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu mtu huyohuyo alirusha mpira mpya na kuchukua wiketi.

Junction Oval, 2 Machi 2020

Kombe la Dunia la T20 lilikuwa nyumbani, na mechi ya mwisho ya kundi dhidi ya New Zealand ilikuwa ya kufa na kupona. Perry alikuwa tayari na tatizo la nyonga. Alipiga 21 kwa mipira 15. Wakati wa kulinda, akigeuka kurusha mpira kwenye vijiti ili kumtoa mkimbiaji, mguu ukamkatika. Australia walishinda kwa mikimbio 4. Yeye alitoka uwanjani akisaidiwa. Alikuwa amecheza fainali tano zote zilizotangulia za Australia: 2010, 2012, 2014, 2016 na 2018. Ya sita, tarehe 8 Machi pale MCG, mbele ya watazamaji 86,174, aliitazama akiwa na magongo.

Jeraha lenyewe linahitaji maelezo, kwa sababu "msuli wa paja" ni neno linaloficha mengi. Misuli ya nyuma ya paja ni mitatu, na juu hushikizwa na kano kwenye mfupa ule tunaoukalia. Msuli ukichanika katikati, mchezaji hukaa nje wiki kadhaa, damu ikakauka, nyuzi zikaungana. Kano ikibanduka kutoka mfupani, haijiungi yenyewe kwa namna ya kumrudisha mtu kwenye mbio za kasi. Daktari huirudisha mahali pake kwa upasuaji. Perry alipata la pili.

Baada ya upasuaji wa aina hiyo utaratibu wa kawaida ni mrefu. Wiki za mwanzo mguu haunyooshwi kikamilifu ili kano isivutwe. Kisha kutembea, kisha mazoezi ya kubeba uzito mguu mmoja mmoja, kisha kukimbia taratibu miezi kadhaa baadaye, kisha kukimbia kwa kasi. Kurusha mpira kwa kasi ni cha mwisho kabisa, na hapo ndipo kazi mbili za olraunda zinapoachana njia. Mpigaji anaweza kurudi akiwa na mguu wa asilimia tisini. Mrushaji wa kasi hawezi.

Tazama kinachofanyika. Mrushaji anakimbia, anaruka, anatua mguu wa nyuma, halafu mguu wa mbele unagonga ardhi goti likiwa limekazwa. Mwendo wote wa mbele unasimamishwa na mguu huo mmoja, kwa nguvu mara kadhaa ya uzito wa mwili, na kiwiliwili kinapinda mbele na upande kwa wakati mmoja ili mkono upite juu. Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayoizuia nyonga isiporomoke mbele. Ikisita hata kidogo, goti linalegea, urefu wa kuachia mpira unashuka, na mpira unaotakiwa kutua sentimita kumi nje ya kijiti cha pembeni unatua miguuni kwa mpigaji au nje kabisa, mpira mpana. Mpira wa kriketi ya wanawake una gramu 140 hadi 151 na njia ya kurushia ni mita 20.12, kosa la nyuzi moja mkononi linakuwa kama sentimita 30 upande wa pili. Na kosa hilo halirekebishwi kwa kukaza nia. Mrushaji anayehofia mguu wake hupunguza mruko bila kujijua, na mkono nao unajaribu kufidia.

Septemba 2020 alikuwamo kikosini dhidi ya New Zealand lakini mguu ukamsumbua tena, hakucheza. Alirudi rasmi Machi 2021, ziara ya New Zealand. Msimu wa 2021 dhidi ya India ulionyesha hali halisi: pale Mackay, Septemba, laini ilimtoka mara kwa mara, mipira mipana ikaongezeka. Kwa takwimu za vitabuni bado mambo yalikuwa mazuri, maana katika Testi ya Carrara alifikisha wiketi 300 za kimataifa. Lakini mpira mpya ulikuwa umeanza kuhamia mikono mingine. Darcie Brown alikuwa na kasi kuliko yeye. Annabel Sutherland na McGrath walirusha na kupiga.

Rudi sasa Adelaide ukiwa na hesabu mkononi. Perry wa Januari 2022 katika T20: mrushaji asiyehakikishiwa ova nne, mpigaji wa mikimbio 105 kwa mipira 100 anayeingia wa tano au sita. Nusu na robo. McGrath: mrushaji wa ova mbili tatu, mpigaji anayeupiga mpira wa kwanza kwa nguvu ileile ya mpira wa ishirini. Uamuzi ulikuwa sahihi. Waliosema ni kukosa heshima walikuwa wanahesabu tuzo.

Na Februari 2022 ikaja na kejeli yake. Mechi ya pili ya ova 50 ilichezwa Junction Oval, uwanja uleule aliokatikia mguu. Perry alichukua wiketi 3 kwa 12, akapiga 40, akawa mchezaji bora wa mechi. Katika ova 50 kujipanga kwa mipira 15 si dhambi.

Mgongo nao

Mtu angedhani baada ya paja shida zimekwisha. Katika Kombe la Dunia la ova 50 nchini New Zealand, mechi na Afrika Kusini tarehe 22 Machi 2022, alirusha ova tatu mgongo ukambana, akatoka. Alikosa Bangladesh na nusu fainali. Fainali ya 3 Aprili, Christchurch, aliingizwa kama mpigaji tu. Alipiga 17 kwa mipira 10 bila kutolewa, Healy akiwa amefika 170, Australia wakafunga hesabu kwa 356. Baadaye vipimo vikaonyesha ufa kwenye mfupa wa uti wa mgongo.

Ufa huu ni ugonjwa wa kazi wa warushaji wa kasi. Hauji kwa kishindo. Unaletwa na mpindo uleule mara elfu nyingi, na kwa kawaida hukaa sehemu ya chini ya mgongo upande ulio kinyume na mkono wa kurushia. Dawa yake kubwa ni kuacha kurusha kwa miezi. Swali la kama paja lililodhoofika lilisukuma mzigo kwenda mgongoni haliwezi kuthibitishwa kwa mtu mmoja, lakini kila mkufunzi wa warushaji analijua: ukikwepesha mguu, kiuno kinalipa.

Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham, Agosti 2022, ikamkuta hapo. Alikuwa kikosini, asiyeweza kurusha. Kriketi ilikuwa ya T20, na mpigaji mtupu wa kasi ile hakuwa na kiti. Australia walitwaa dhahabu bila yeye kucheza.

Alichokirekebisha

Angeweza kustaafu T20 na kubaki na miundo mingine miwili, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliacha kulipigania swali la kurusha na akalishika lile la pili: je, anaweza kuwa mpigaji kamili wa T20?

Kupandisha kasi ya kupiga kuna sehemu tatu, na iliyo ngumu kuliko zote haiko kwenye misuli. Ya kwanza ni kupunguza mipira isiyozaa kitu. Mpigaji aliyejipanga kwa mipira 15 akipata mikimbio 10 yuko nyuma. Mipira ileile akiisukuma kwenye nafasi na kukimbia moja moja anakuwa na 14 bila hatari yoyote mpya. Ya pili ni kuupiga mpira juu mapema. Kwa mtu mwenye gongo lililonyooka kama Perry, maana yake ni kuusogeza mguu wa mbele pembeni ili mikono ipate nafasi ya kuzungusha, na kuwafuata warushaji wa mzunguko kabla mpira haujadunda. Ya tatu ndiyo inayowashinda wengi: kukubali kutolewa kwa 8. Mchezaji aliyejengwa kwa miaka kumi kutotoa wiketi yake ovyo anaona aibu kutoka kwa mpira wa tano akijaribu sita. Katika T20, kutoka na 8 kwa mipira 5 mara nyingi kunaisaidia timu kuliko kubaki na 22 kwa mipira 25.

Na nafasi ilifunguka, tukiri. Agosti 2022 Lanning alichukua mapumziko yasiyo na kikomo, Septemba Rachael Haynes akastaafu. Viti vya juu vikabaki wazi. Bila hivyo Perry mpya angesubiri namba sita ileile iliyomwua Perry wa zamani.

Desemba 2022, ziara ya India, akapangwa namba nne. Mechi ya tatu mjini Mumbai: 75 kwa mipira 47. Ya nne: 72 kwa mipira 42 bila kutolewa. Hiyo ni kasi ya 160 na 171, kutoka kwa mtu aliyekuwa akizunguka 105. Februari 2023 alipiga 40 kwa mipira 22 dhidi ya New Zealand katika Kombe la Dunia la T20 nchini Afrika Kusini, na siku mbili baadaye, kwenye mnada wa kwanza wa ligi ya wanawake ya India, Royal Challengers Bangalore walimchukua kwa rupia milioni 17. Tarehe 7 Januari 2024, Navi Mumbai, alicheza mechi yake ya 300 ya kimataifa, mwanamke wa kwanza wa Australia kufika huko, na akaimaliza kwa kupiga sita la ushindi.

Ipo tahadhari moja kabla mtu hajaichukua namba ya kasi akaifanya kipimo cha kila kitu. Delhi, Machi 2024, hatua za mwisho za ligi ya India, pichi, ile njia ya kurushia, zikiwa nzito na mpira unakawia kufika. Tarehe 12 Perry alikabidhiwa mpira dhidi ya Mumbai Indians. Alirusha ova 4, akarudisha laini ileile ya zamani, vijiti kwa vijiti, bila mbwembwe: wiketi 6 kwa mikimbio 15. Kisha akapiga 40 bila kutolewa, na Bangalore wakashinda. Siku tatu baadaye, mechi ya kuondoana na Mumbai walewale, wenzake walipukutika kumzunguka naye akapiga 66 kwa mipira 50. Kasi ya 132. Miezi michache nyuma watu wangeiguna. Timu nzima ilipata 135. Mumbai walijibu kwa 130.